Somo: Bakteria wanavyojishikiza kwenye utumbo wa kuku

Wafugaji wenzangu, kifaranga akianza kuganda kinyesi nyuma, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa. Tufuate kwanza njia anayopita bakteria.

Hatua ya 1. Anaingia kwa mdomo: maji machafu, makapi ya kahawa yaliyolowa bandani, mukene (dagaa) iliyoanikwa chini. Wengi hufia kwenye asidi kabla ya kuvuka firigisi.

Hatua ya 2. Waliobaki wanakutana na ute. Utumbo unautengeneza upya kila wakati, na asiyeshika kitu husombwa akatoka na kinyesi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. E. koli na Salmonela wengi wana vinywele vyembamba mno, fimbria, ambavyo darubini ya kawaida haivioni. Nchani mwake kuna protini inayotafuta sukari iitwayo manosi, iliyotanda juu ya seli za utumbo. Zikikutana, zinaingiana kama ufunguo na kufuli. Ajabu yake, chakula kinapopita na kumvuta bakteria, protini hiyo ndiyo kwanza inakaza.

Hatua ya 4. Salmonela akishashika, huichoma seli na kuitia protini zake, mpaka seli yenyewe inammeza.

Hatua ya 5. Wahi nafasi. Kifaranga wa mashine hakupata bakteria wazuri wa mama yake, kwa hiyo utumbo wake uko wazi. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala, wa Ufini, walionyesha kuwa vifaranga waliopewa vilivyomo tumboni mwa kuku wakubwa wenye afya walimhimili Salmonela. Msikoroge kinyesi nyumbani, tafadhali! Mtaleta ugonjwa. Tumieni probiotiki, yaani bakteria wazuri waliotayarishwa, kutoka kwa daktari wa mifugo, tangu siku ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mbarara: Mwalimu, nasikia hamira inasaidia. Kweli?

Jibu: Kweli, ukuta wa seli za hamira umejaa manosi. Bakteria anaung'ang'ania huo, anauacha utumbo. Maabara huchanganya hamira na bakteria juu ya kioo; wakiwa na vinywele hivyo, utaona mabonge yakigandana. Ila kwa kuku nunua ukuta wa hamira uliotengenezwa kwa ajili ya mifugo, ufuate kipimo chake. Ya mandazi waachie mandazi.

Mwanachama, Luweero: Niliwapa antibiotiki wakapona, sasa wanahara tena.

Jibu: Dawa huua wazuri pia, nafasi zikabaki wazi kwa yeyote atakayetangulia. Tena huenda ni koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, hasa ukiona damu. Hao huchubua utumbo, ute unazidi, na bakteria wengine waitwao Klostridia hustawi humo. Mpelekee daktari wa mifugo kuku aliyekufa karibuni ampasue kabla hujanunua dawa nyingine.

Mwanachama, Gulu: Na glukosi tunayowapa vifaranga wakifika, haizuii bakteria kushika?

Jibu: Hapana, nyabo. Hiyo ni nguvu ya safari tu. Fimbria hizo hazidanganyiki kwa glukosi.