Busta ya seleniamu kwa michungwa na miembe: jani linaivuta vipi, na kwa nini kijiko ni hatari

Ndugu zangu wakulima wa huku Teso na kwingine Uganda, msimu huu kila shamba ninalopita naulizwa ile busta, yaani dawa ya kupulizia majani, yenye madini ya seleniamu inafanya nini na kama inafaa kununua.

Kwanza mjue mti wenyewe hauidai, mchungwa unazaa vizuri tu bila hiyo kitu. Anayeihitaji ni mtu na mnyama. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 55 kwa siku, na haifai azidishe 400. Kwa hiyo ukipuliza unamfikiria yule atakayekula chungwa, mti unafaidika kidogo njiani: kwa kiasi kidogo jani linaongeza kinga yake, linastahimili jua kali na linakawia kuzeeka.

Kwa nini tupulize majani badala ya kuweka chini? Udongo wetu mwekundu una asidi na chuma nyingi, na ile chuma inaishika seleniamu, hasa aina ya selenaiti, mizizi inaambulia kidogo sana. Aina ya seleneti inatembea vizuri zaidi ila inapita mlango uleule wa salfa, sasa kama umetoka kumwaga mbolea yenye salfa nyingi zitagombania mlango.

Juzi asubuhi tulikuwa na mama mmoja shambani kwake tukachuma jani la mchungwa, lile lililokomaa, tukalidondoshea maji. Juu linang'aa nta, tone likaviringika likaanguka kama kwenye jani la yugwa. Tukaligeuza, huko chini ndo kuna vitundu vya kupumulia karibu vyote, na mwembe pia ni hivyohivyo. Afu tukachukua jani changa la rangi ya kijani hafifu, nta yake bado nyembamba, tone likatandaa. Basi hapo mmeshaona kazi ilivyo: puliza wakati mti umetoa majani mapya, elekeza nozeli kutoka chini kwenda juu, asubuhi mapema au jioni ili matone yasikauke haraka, na kama wingu la mvua limeshafunga acha mpaka kesho.

Seleniamu ikishaingia, jani linaichukulia kama salfa, linaijenga ndani ya protini zake, nyingine inasafiri mpaka kwenye tunda. Ikiwa kidogo hakuna neno. Ikizidi, zile protini zinaharibika, majani machanga yanageuka manjano, kingo zinaungua na mti unadumaa.

Hapa kwenye kipimo nawaomba sana mnisikilize. Huko Italia waliopulizia mipichi na mipeasi walitumia miligramu 1 ya seleniamu kwa lita ya maji, na matunda yakakawia kulainika stoo. Kwa pampu ya lita 20 hiyo ni miligramu 20 tu za seleniamu yenyewe, yaani kama miligramu 48 za sodiamu seleneti, ile chumvi inayoibeba, hata huwezi kuishika vizuri kwa vidole! Kijiko kimoja cha chai cha chumvi hiyo kinatosha pampu kama mia moja. Mimi niliuziwa unga kwenye kamfuko hakana lebo, nikaambiwa kijiko kwa pampu, nikaujaribu kwenye mti mmoja na majani yake yaliungua kingo zote. Nunua ya maji iliyochanganywa kiwandani, lebo ioneshe miligramu. Hata Ufini, walipoamua mwaka 1984 kuweka seleniamu kwenye mbolea, ilichanganywa kiwandani, miligramu 16 kwa kilo ya mbolea ya nafaka na 6 kwa ya nyasi.

Na kama majani tayari ni ya manjano kwa njaa ya naitrojeni au zinki, pesa yako ianzie huko, seleniamu ingoje.

Anza na miti miwili, kaa wiki mbili ukiangalia ncha za majani machanga kabla hujaingia shamba lote. Vaa glavu, mbuzi wasile majani uliyopulizia, na maji ya kuoshea pampu usiyamwage kwenye kinamasi, maana seleniamu inajikusanya ndani ya samaki na hao samaki ni sisi tunawala.