Bwawa la mtaa litunzwe kwa hesabu ya nyumba: namna ya kupanga michango Dar es Salaam

Mitaa mingi ya Dar es Salaam yenye bwawa hufanya harambee mara moja. Kijiko (mashine ya kuchimba) hukodiwa, tope likazolewa, viongozi wakapiga picha, na mwaka unaofuata hakuna fungu hata la kuzibua mtaro. Masika mawili yakipita, bwawa limejaa tena na watu hawataki kusikia neno mchango. Kwa hiyo anzeni na fedha za utunzaji. Mkishajua kila nyumba italipa nini kwa mwaka, ndipo mzungumzie kijiko.

Kwanza, bwawa ni la nani?

Nendeni idara ya mipango miji ya manispaa mkaangalie mchoro wa eneo. Bwawa linaweza kuwa eneo la wazi, bonde la hifadhi, shimo la machimbo ya zamani, au kiwanja cha mtu mwenye hati. Likiwa la mtu, msichange hata shilingi kabla hajaandika na kusaini makubaliano. Atakuja kumwaga kifusi ajenge, na fedha zenu zitakuwa zimemsafishia kiwanja.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye mamlaka ya vyanzo vya maji vya Dar es Salaam, hivyo kuchimba au kugeuza mkondo kunahitaji kibali chake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Kalavati likipita chini ya barabara ya mtaa, ongeeni na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla ya kugusa lami.

Nguvu ya kutoza inatoka wapi

Marekani, katika majimbo kama Michigan, wenye nyumba wanaozunguka ziwa wanaweza kuwekewa tozo maalumu kisheria, na asiyelipa deni linaikalia nyumba yake. Mtaa wa Tanzania hauna nguvu hiyo. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021 ni ya serikali, na kamati ya mtaa haiwezi kuiongezea kitu wala kuichukua.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni sheria ndogo ya halmashauri, chini ya Sura 288 (Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji) na Sura 290 (Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa). Inapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, baraza la madiwani, idhini ya waziri, kisha Gazeti la Serikali. Ni ndefu, lakini inampa mtendaji meno ya kudai. Ya pili ni umoja wa wakazi uliosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, wenye katiba inayotaja tozo, na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa wenye mahudhurio na saini. Anzeni na ya pili huku mkisukuma ya kwanza. Mchango usio na muhtasari ni wa hiari, na mwenyekiti akiudai kwa vitisho anajitafutia kesi.

Hesabu yenyewe

Tozeni nyumba. Ukitoza mpangaji, anahama na deni linahama naye. Ukihesabu mita za LUKU, nyumba yenye mita nne italipa mara nne. Daftari liwe na namba ya nyumba ya anwani za makazi, jina la mwenye nyumba, na simu ya anayemwakilisha ikiwa yeye yuko mkoani.

Gaweni nyumba katika makundi matatu. Zinazopakana na bwawa au zinazofurika zibebe mafungu 3 ya mchango. Ambazo maji ya mvua ya viwanja vyake yanaingia bwawani zibebe 2. Zilizobaki mtaani zibebe fungu 1. Gereji, sehemu ya kuosha magari na baa ziongezwe fungu, kwa sababu oili na taka zake ndizo ghali kuondoa.

Tuseme mtaa una nyumba 180: 30 za kundi la kwanza, 70 za pili, 80 za tatu. Hiyo ni 90 + 140 + 80, yaani mafungu 310. Bajeti ya mwaka ya mfano ni vibarua wa kutoa taka na magugu maji 3,600,000. Kusafisha mitaro kabla ya masika na kabla ya vuli 1,800,000. Akiba ya kuzoa tope 2,400,000. Risiti, mikutano na makato ya benki 570,000. Jumla 8,370,000.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanagawanya kwa 310. Hakuna mtaa unaolipa wote. Pangeni kwa robo tatu, yaani mafungu 232.5, mpate 36,000 kwa fungu kwa mwaka, sawa na 3,000 kwa mwezi. Kundi la kwanza litalipa 9,000, la pili 6,000, la tatu 3,000. Wakilipa zaidi ya robo tatu, ziada iende kwenye akiba ya tope.

Ubishi utatoka kundi la pili: "Sisi tuko juu, hatufuriki." Waonyesheni mtaro siku ya mvua. Tope la bwawani ni udongo wa viwanja na barabara zao. Mwenye nyumba akichimba shimo la kunyonya maji ya paa, au akiyakinga kwenye simtanki na kuyatumia, mshusheni hadi fungu 1. Punguzo hilo linapunguza tope kuliko faini yoyote.

Kupima tope

Gharama ya kijiko isikisiwe kwa macho. Tumieni mtumbwi na nondo mbili, moja ikiwa na kisahani cha bati chini. Ya kisahani inasimama juu ya tope, ya pili inasukumwa hadi ardhi ngumu. Tofauti ndiyo kina cha tope. Pimeni kila mita 5. Bwawa la mita 60 kwa 40 lenye wastani wa nusu mita ya tope lina meta za ujazo 1,200. Kwa tipa ya meta za ujazo 10 hizo ni safari 120 na zaidi, maana tope bichi halijazwi hadi ukingoni. Pimeni bodi la tipa wenyewe kwa futi, na mlipe kwa safari iliyosainiwa getini.

Chimbeni kati ya Juni na Septemba. Tope lisirundikwe ukingoni, litarudi na mvua ya kwanza. Wakulima wa mchicha wasipewe kabla halijapimwa maabara, kwa sababu ya madini mazito. Matete msiyang'oe yote: acheni ukanda wa mita 3 hadi 5, yanashika kingo na kuchuja maji.

Kwenye mdomo wa mtaro jengeni kisima cha kunasa mchanga, mita 3 kwa 2, kina mita 1, chenye wavu wa nondo mbele. Vibarua wanne wanakimwaga kwa siku moja. Wavu usiposafishwa baada ya kila mvua kubwa, maji yatapanda barabarani na wakazi wataung'oa usiku. Na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha washughulikiwe na bwana afya, la sivyo mnachimba karo la mtaa mzima.

Fedha na wadaiwa

Akaunti na Lipa Namba viwe kwa jina la umoja, si simu ya mweka hazina. Watia saini wawe watatu, wawili wakitosha kutoa, na mmoja awe wa kundi la tatu. Kila mwisho wa mwezi bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya mtaa mapato, matumizi na salio. Wadaiwa waorodheshwe kwa namba za nyumba bila majina. Wazee wasio na kipato wasamehewe kwa azimio la mkutano, si kwa huruma ya mkusanyaji. Anayegoma apelekewe barua, kisha mjumbe, kisha baraza la kata kwa usuluhishi. Kiwango kipitiwe kila Juni, baada ya masika, nondo zikiwa zimepima tope jipya lililoingia.