Skeli na eneo: pale jahazi linapokwenda mrama

Mwanafunzi akipewa ramani yenye skeli, urefu huupata bila taabu. Mwulize eneo uone. Somo la leo ni la hapo tu, na mfano wetu ni nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana hufuata boriti za mikoko zinazobeba dari. Fundi amechora chumba kimoja kwa skeli ya 1:50. Karatasini kina urefu wa sm 16 na upana wa sm 5. Eneo lake halisi ni mita za mraba ngapi?

Hatua ya 1. Soma skeli. 1:50 maana yake sm 1 ya karatasi ni sm 50 za nyumba. Ukipima kwa inchi, inchi 1 ni inchi 50. Skeli yenyewe haina kizio.

Hatua ya 2. Geuza kila upande kabla ya kuzidisha. 16 × 50 = sm 800, yaani m 8. 5 × 50 = sm 250, yaani m 2.5.

Hatua ya 3. Zidisha: 8 × 2.5 = mita za mraba 20. Basi.

Wenye haraka huanza na eneo la karatasi: 16 × 5 = sm² 80. Si kosa, ila kuanzia hapo kila kitu ni mraba. Skeli huzidishwa mara mbili, 50 × 50 = 2,500, na m² 1 ina sm² 10,000, si 100. Kwa hiyo 80 × 2,500 = 200,000, na 200,000 ÷ 10,000 = 20. Jibu lile lile.

Sasa tazama anayesahau vyote viwili: 80 × 50 = 4,000, kisha 4,000 ÷ 100 = 40. Chumba cha mita za mraba 40 hakimshtui mtu, ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana. Skeli ikiwa 1:100 ni balaa zaidi: makosa mawili hufutana kabisa, mwanafunzi anapata alama zote na hajaelewa kitu. Mimi silipendi swali la 1:100 kwenye mtihani.

Wazee wetu walipima hivyo hivyo. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Mkeka wa pima moja kwa pima moja una dhiraa za mraba 16, si 4. Asiyeamini autandike apime.

MASWALI

Mwalimu, sabalkheri. Hatimiliki ya shamba inasema hekta 0.81, dalali anasema ekari mbili. Nani mkweli?

Sabalkheri, mama. Wote wawili. Hekta 1 ni m² 10,000, ekari 1 ni kama m² 4,047. Hekta 0.81 ni m² 8,100. Gawa kwa 4,047 upate 2 na chembe.

Na ploti ya futi 50 kwa 100, ni thumuni ya ekari, yaani moja ya nane, kama wanavyosema?

Haifiki. 50 × 100 = futi za mraba 5,000. Ekari ina 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Zimepungua 445, kama chumba cha futi 20 kwa 22. Ploti yote kwa mita ni karibu m² 465.

Mwalimu, mimi niko Malindi, Kidato cha Pili. Shamba la hekta 9 limechukua sm² 36 kwenye ramani. Tutafute skeli. Nimekwama.

Rudi kinyumenyume, mwanangu. Hekta 9 ni m² 90,000. Gawa kwa 36: kila sm² ni m² 2,500. Hilo bado ni eneo, na skeli ni ya urefu, kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili, maana 50 × 50 = 2,500: sm 1 ni m 50, yaani sm 5,000. Skeli ni 1:5,000. Wengi huishia 2,500 wakaandika 1:2,500.

Magofu ya Gede ni kama ekari 45. Mbona kwenye ramani ya 1:50,000 ni kadoa tu?

Ekari 45 ni kama m² 182,000. Kwenye ramani hiyo sm 1 ni m 500, hivyo sm² 1 ni m² 250,000. Gede yote ni kama sm² 0.73, ukucha wa kidole gumba unaifunika.

Nikichapisha ramani kutoka kwenye simu, ile 1:2,500 iliyoandikwa bado ni kweli?

Hapana, maana printa huikuza au huipunguza. Tafuta ule mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita, upime kwa rula: huo hukua na kupungua pamoja na ramani. Ukiona m 100 zimechukua sm 3.2 badala ya sm 4, skeli yako sasa ni 1:3,125, na sm² 1 ni m² 976.6, si 625.