Kuimarisha springi za valvu za injini ya Toyota 4A-GE kabla ya kuikimbiza milimani

Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, na dereva wa rali anafidia kwa kupandisha mizunguko. Hapo springi iliyochoka inashindwa kuirudisha valvu kwa wakati. Valvu inaelea na inaweza kugongana na pistoni. Limita (kizuia mizunguko kupita kiasi) haikuokoi ukishuka mlima Kitonga ukakosea, ukaingiza gia ya pili badala ya nne, maana magurudumu ndiyo yanayozungusha injini.

1. Shusha silinda hedi, toa kemshafti (shafti zinazofungua valvu), tapeti (vikombe vinavyokaa kati ya kemshafti na valvu) na shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya tapeti). Panga kwenye trei kwa namba. Tapeti isihame tundu lake.

2. Tikisa kila valvu ndani ya gaidi (bomba inamopita). Ikicheza, badilisha gaidi kwanza. Weka sili mpya za kuzuia mafuta.

3. Nunua springi zinazolingana na kemshafti yako, pamoja na ritena (kifuniko kinachoshika springi juu) nyepesi. Usikimbilie zilizo ngumu kuliko zote: zinakula kemu (vinundu vya kemshafti) na kuiba nguvu.

4. Pima. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na inaniuma. Niliwahi kuletewa injini yenye springi mpya kabisa, kemu zimechubuka vibaya: koili zilikuwa zinagusana kila valvu ikifunguka. Valvu ikiwa imefungwa, pima kutoka kikalio cha springi hadi chini ya ritena. Tuseme ni 35 mm na valvu inafunguka 8 mm, inabaki 27. Kama koili zinagusana kwenye 25.5, una 1.5 mm. Mimi sishuki chini ya 1 mm. Hakikisha pia ritena haifikii sili.

5. Seti nafasi ya tapeti (kati ya kemu na tapeti) injini ikiwa baridi. Kwa kemu za kiwandani, valvu za ingizo (za hewa) ni 0.15–0.25 mm, za toleo (za moshi) 0.20–0.30 mm. Kemu za mashindano zina vipimo vyake. Fuata karatasi iliyokuja nazo.

6. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, paka mafuta kidogo kwenye valvu, rudisha hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, funga mkanda wa taimingi. Zungusha kranki kwa spana mara mbili kamili, taratibu. Ikikwama, acha, usilazimishe. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima palipo pembamba zaidi, maana hiyo ndiyo nafasi kati ya valvu na pistoni: nataka angalau 2 mm upande wa ingizo na 2.5 upande wa toleo.

Ukishafunga na gasketi mpya, tembea kilomita 500, kisha pima tapeti tena.