Nyanya kwenye ndoo: usijaze maji

Kilimo hiki ni ndoo ya lita tano yenye kifuniko, tundu moja katikati, maji yenye mbolea ndani na mche wa nyanya juu. Pampu haipo, bomba halipo, udongo haupo. Umeme ukikatika usiku kucha, mizizi haina habari. Ni haidroponiki ya maji yaliyotulia, ambayo Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliifanyia kazi kwa miaka mingi, na mtu anayeishi ghorofani bila hata kipande cha uwanja anaweza kuifanya. Wengi huua mche wa kwanza. Nami niliua wangu.

Ulikuwa na majani saba, umenawiri. Nikasafiri siku tisa, niliporudi nikakuta maji yamebaki robo ndoo. Nikaona mche umeteseka, nikaujazia mpaka karibu na kifuniko. Kesho yake jioni majani yalikuwa yamelegea kama mchicha uliokaa sokoni tangu asubuhi, na huku mizizi yote imezama majini.

Sababu ni hii. Mche ukiwa ndooni huota mizizi ya namna mbili. Ile ya chini hunywa maji na mbolea. Ile ya juu, inayoning'inia kwenye nafasi tupu kati ya kifuniko na maji, huota vinyweleo kama vya sufi na kazi yake ni kuvuta hewa. Maji yanavyopungua nafasi ile inapanuka, na mizizi ya hewa inaongezeka. Maji yaliyotulia yana oksijeni kidogo, na yakipata joto yanabaki na kidogo zaidi. Ukijaza ghafla unaizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa, nayo hukosa pumzi.

Kwa hiyo siku ya kuhamishia mche, maji yaguse sentimita moja au mbili tu za chini ya kikombe kinachoshika mche. Baada ya hapo acha yashuke. Ongeza pale tu yanapobaki kama robo, na usivuke nusu ya ndoo kamwe. Mimi nimebandika kipande cha utepe nje ya ndoo kwenye alama ya nusu, na ninapima kwa ufito mwembamba kupitia tundu dogo pembeni mwa kifuniko, kama dereva anavyopima oili. Tundu hilo liwe na kizibo. Mbu wanaoeneza denge hupenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mwaka 2019. Kifuniko kibane, na mwanya unaouzunguka mche uzibwe kwa sponji.

Chagua ndoo iliyokuwa na mafuta ya kula au chakula kingine. Ile ya rangi au ya dawa iache. Ipake rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye, kisha nyeupe juu yake ili isipate joto. Ukiiacha inapitisha mwanga, baada ya wiki mbili maji yatakuwa ya kijani kwa ukoga unaogombania mbolea na mmea wako. Kikombe cha mtindi kilichotobolewa kwa msumari wa moto kinatosha kushika mche.

Sasa mbegu, na hapa usibabaike. Tengeru 97, Cal J au Rio Grande ni nyanya nzuri, lakini za shambani. Money Maker ukiipanda sebuleni itakutafutia dari. Unataka nyanya fupi hasa. Micro-Tom, iliyotoka Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989, huishia sentimita 15 hadi 20 na haihitaji mti wa kuegemea. Tiny Tim na Red Robin ni ndefu kidogo na tunda lake ni kubwa kidogo. Red Robin ndiyo iliyopelekwa kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2022, kwa hiyo jiko lako halitaishinda. Maduka mengi ya pembejeo hayaziweki, inabidi kuagiza. Sia kwenye sponji yenye unyevu au vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi. Zitaota kati ya siku tano na kumi. Hamishia ndooni mche ukiwa na majani mawili au matatu halisi na mizizi imeanza kuchungulia chini ya kikombe.

Mbolea ndiyo inayowachanganya watu. Usitie Urea, wala DAP, wala CAN. Urea inahitaji bakteria wa udongoni waigeuze kabla nyanya haijaitumia vizuri, na ndoo yako haina udongo. Nitrojeni yote ya DAP ni ya amonia, ambayo nyanya haiipendi ikizidi. CAN ina unga wa chokaa unaotuama chini. Tafuta mbolea ya maji ya nyanya, ile inayoandikwa 4-18-38 (sehemu za nitrojeni, fosforasi na potasiamu) na yenye madini madogo kama chuma na boroni, pamoja na kalisiamu naitreti na chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti. Kwa lita 10 za maji pima gramu 6 za ile ya kwanza, gramu 6 za kalisiamu naitreti na gramu 3 za chumvi ya Epsom. Mche mdogo uanze na nusu ya kipimo hicho.

Namna ya kuchanganya ina uzito sawa na kipimo. Yeyusha mbolea ya nyanya kwenye maji yote, ikorogeke hadi mwisho. Fuata chumvi ya Epsom. Kalisiamu naitreti iwe ya mwisho, na iyeyushwe kwanza kwenye kikombe chake peke yake. Ukizikutanisha zikiwa nzito, kalisiamu itashikana na salfeti na utaona utando mweupe unatua chini. Hiyo ni jasi, ileile ya dari, na mmea hauwezi kuinywa.

Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Ya bomba yanafaa, yaache wazi usiku mmoja klorini ipungue. Visima vingi vya pwani vina chumvi, hivyo vipite. Ukiwa na kipimo cha pH, yaani uchachu wa maji, shika kati ya 5.5 na 6.5. Ndimu hushusha pH kwa siku chache tu, kisha inapanda tena. Na wakati wa joto mmea hunywa maji kuliko mbolea, kwa hiyo yanayobaki huwa makali. Unapoongeza, tumia mchanganyiko wa nusu nguvu.

Kuhusu mwanga, dirisha linadanganya. Huku kwetu jua la saa sita liko utosini, haliingii dirishani kabisa. Kinachoingia ni cha asubuhi au cha jioni. Baraza inayotazama mashariki inaweza kutosha, sebule haitoshi. Taa nyeupe ya LED ya wati 30, sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea miwili, kwa saa 15 kwa siku, itakula karibu yuniti 13 na nusu kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kwenye LUKU kabla hujaanza, maana nyanya za gengeni zitakuja nafuu na hii ni kazi ya mapenzi. Usiku izime. Nyanya inayomulikwa saa 24 majani yake hupauka na kuharibika.

Joto la usiku ni adui ambaye watu wa pwani hawamwoni. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kuacha tunda. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa, usipange maua yako yakutane na kaskazi. Sia mwanzoni mwa Mei, yachanue mwishoni mwa Juni wakati wa kipupwe, uanze kuchuma Agosti. Arusha, Mbeya na Nairobi mna nafasi pana zaidi.

Ndani hakuna upepo wa kutikisa maua, kwa hiyo tikisa wewe. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja, linachohitaji ni mshtuko. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana piga kikonyo cha ua kwa ukucha, taratibu, mara tatu nne. Ua likiwa tayari utaona vumbi la njano limeanguka juu ya kifuniko. Rudia kila siku hadi kitunda cha ukubwa wa punje ya pilipili manga kionekane.

Tunda likianza kuoza kitako, ngozi nyeusi iliyobonyea, usikimbilie dawa. Si ugonjwa. Kalisiamu haifiki kwenye tunda, aghalabu kwa sababu maji yamekuwa makali mno au ndoo imepata joto. Punguza nguvu ya mbolea, isogeze ndoo kivulini huku majani yakibaki kwenye mwanga. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa nyanya, hatakusumbua sana ndani ya nyumba, bali utitiri mwekundu atakuja hewa ikiwa kavu: kagua chini ya majani, yaoshe kwa maji ya bomba. Na mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mmea, kwani tumbaku hubeba virusi vya nyanya.

Micro-Tom na Tiny Tim si chotara, kwa hiyo mbegu zake unaweza kuzihifadhi na kuzipanda tena. Tunda lililoiva vizuri kuliko yote usilile. Likamue kwenye glasi, liache siku mbili hadi utando wa mbegu uchachuke, suuza, anika kwenye sahani mbali na jua kali. Maji yaliyobaki ndooni mwagia mchicha.