Kuchagua Msumeno wa Mashine wa Bei Nafuu kwa Kuvuna Mianzi

Mwanzi ni jamii ya nyasi, wala si mti, na ganda lake la nje lina silika nyingi, kitu kilekile kinachoufanya mchanga uwe mkali. Kwa sababu hiyo, msumeno unaokata mbao laini kwa muda mrefu bila shida hupoteza makali upesi ukiingizwa kwenye kichaka cha mianzi. Mwenye fedha kidogo na abane matumizi kwenye mashine yenyewe, lakini asibane kwenye bapa lenye meno.

Kwa mvunaji wa kawaida, chaguo langu la kwanza ni msumeno wa betri ambao bapa lake huenda mbele na kurudi nyuma, kwa kuwa ni mwembamba na hupenya katikati ya mabua yaliyosongamana. Chagua bapa lenye meno madogo, takriban 10 hadi 14 kwa kila inchi, kwani meno makubwa ya kupogolea matawi hukata haraka lakini huacha ganda limechanika. Urefu nao una maana yake: kwa bua lenye kipenyo cha sentimita 10, bapa la sentimita 20 hivi linatosha, kwa sababu hata linaporudi nyuma ncha yake hubaki nje upande wa pili. Bapa fupi huingiza ncha ndani ya uwazi wa bua, ikagonga ukuta, na bapa likapinda. Kandamiza kwenye bua kikingio cha mbele cha mashine, yaani kile kipande cha chuma kilicho pale bapa linapotokea. Usipofanya hivyo, bua zima litatikisika na mkato hautasonga.

Msumeno mdogo wa mnyororo, wenye mwongozo (ubao wa chuma ambao mnyororo huuzunguka) wa inchi 6, hufanya kazi haraka zaidi, ila nyuzi ndefu za mwanzi hujisokota chini ya kifuniko cha mnyororo na inabidi zitolewe mara kwa mara, betri ikiwa imechomolewa. Mkubwa wa petroli siupendekezi: ni mzito, na ncha yake ikigusa bua la jirani huweza kuruka kumwelekea mkataji.

Kabla ya kulipa, kumbuka kwamba betri na chaja huchukua sehemu kubwa ya bei. Ikiwa tayari una drili ya betri, tafuta msumeno wa chapa hiyohiyo unaouzwa bila betri, baada ya kuhakikisha kwamba volti na mfumo wa betri vinalingana.

Vaa miwani na barakoa, kisha chagua mabua ya miaka 3 hadi 5, kwa kuwa machanga huwa laini na husinyaa yakikauka. Kata karibu na ardhi, juu kidogo tu ya fundo, ili kisiki kisibaki na kikombe cha kutuama maji ya mvua na kuozesha mzizi.