Somo: Lenzi ndefu kwa picha za wanyamapori na michezo, pima umbali kwanza na bei baadaye

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wapiga picha wanaoanza kupata kazi za hifadhini au za uwanjani ni hili: "Ninunue milimita ngapi?" Swali hilo linaanzia katikati. Milimita, yaani namba inayoeleza lenzi inavuta mbali kiasi gani, ni jibu la swali jingine linalotangulia, nalo ni: yule unayempiga picha hukaa umbali gani kutoka pale unaporuhusiwa wewe kusimama? Mimi naishi Arusha. Msimu wa wageni huzunguka na gari Serengeti na Ngorongoro, na ligi ikianza huteremka Dar es Salaam kupiga mechi. Kazi hizo mbili zimenifundisha kwamba mtu akijua umbali wake na mwanga wake, lenzi karibu hujichagua yenyewe.

Hatua ya kwanza: pima umbali wako

Kanuni ni nyepesi, wala haihitaji programu yoyote. Chukua 36, zidisha kwa umbali wa mita, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana, kwa mita, wa eneo litakaloingia kwenye picha. Namba 36 ni upana wa sensa kubwa (full frame) kwa milimita (nasema sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, si ile ya watu na makazi). Mwenye kamera ya sensa ndogo atumie 24, au 22 ikiwa kamera yake ni Canon.

Tuchukue simba aliyelala ubavu mita 40 kutoka barabarani. Kwa lenzi ya milimita 400 utapata eneo la mita 3.6, na kwa kuwa kiwiliwili chake kinakaribia mita 2, atajaza nusu ya picha na kidogo zaidi, jambo ambalo kwangu ni zuri, kwa sababu nyasi na mgunga vinabaki kueleza yuko wapi. Lakini katika hifadhi zetu, kwa kawaida, gari haliruhusiwi kuacha barabara, na simba hasomi ramani. Akilala mita 80, lenzi hiyo hiyo inakupa mita 7.2, ilhali ya 600 inakupa mita 4.8. Ndege ni wadogo zaidi: kambu, pamoja na mkia wake mrefu, hafikishi sentimita 40, kwa hiyo akiwa mita 15 tu kutoka kwako tayari unahitaji 600 ili apate nafasi ya maana katika eneo la sentimita 90.

Sasa nenda uwanjani. Umekaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni kidogo ya nguzo. Mstari wa eneo la penalti uko mita 16.5 kutoka kwako. Hapo lenzi ya 400 inaona mita 1.5 tu, yaani hata ukisimamisha kamera wima, mshambuliaji anayepiga shuti atakatwa kichwa au miguu. Lenzi ya 200 inaona mita 3, na hapo anaingia mzima pamoja na beki anayemfuata. Ukienda mstari wa katikati, mita 52.5, mambo yanageuka: 200 inaona mita 9.5 na mchezaji anakuwa mdogo, 400 inaona mita 4.7 na anakaa vizuri. Ndiyo maana wapiga picha wa mashirika ya habari hubeba kamera mbili. Mwenye fedha ya lenzi moja tu namshauri bila kusita anunue 70-200 ya f/2.8 (inayovuta kuanzia milimita 70 hadi 200; f ni kipimo cha tundu la lenzi, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kwa sababu magoli hufungwa karibu na goli.

Hatua ya pili: hesabu mwanga wa saa unazofanyia kazi

Tundu la lenzi likitoka f/2.8 kwenda f/5.6, mwanga unaoingia hupungua mara nne. Mchana wa jua kali hasara hiyo huioni, lakini mechi ya saa moja usiku katika Uwanja wa Benjamin Mkapa ni habari nyingine. Mchezaji anayekimbia anahitaji kasi ya shata (muda ambao sensa hupokea mwanga) isiyopungua 1/1000 ya sekunde. Tuseme taa za uwanja zinakuruhusu kuipata kasi hiyo kwa f/2.8 na ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Jirani yako mwenye lenzi ya f/5.6 atalazimika kupanda mpaka ISO 12800, na picha zake zitakuwa na chenga nyingi kuliko za winga. Tena kile kituliza mtikisiko kinachosifiwa sana kwenye matangazo hakitamwokoa, kwa sababu kinatuliza mkono wa mpiga picha na hakigusi miguu ya mchezaji.

Hifadhini mwanga haudai fedha nyingi kiasi hicho. Ni kweli kwamba chui hushuka mtini alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba, lakini mnyama aliyetulia unaweza kumpiga kwa 1/250 ukiwa umeegemeza lenzi vizuri, na lenzi ya f/6.3 ikatosha. Adui mkubwa zaidi ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na mnyama aliye mbali huonekana kama yuko nyuma ya moshi wa jiko. Mtu aliyenunua lenzi ya 800 ili amfikie duma wa mita 200 saa sita mchana atailaumu lenzi bure, maana lenzi imetimiza wajibu wake na hewa ndiyo iliyomwangusha.

Hatua ya tatu: ya kuvuta au isiyovuta

Lenzi zisizovuta, yaani zenye milimita moja tu isiyobadilika, kama 400 ya f/2.8 au 600 ya f/4, ndizo zenye picha kali kuliko zote, na bei zake ni za kununulia gari: Sony ilipotoa 400 yake ya f/2.8 mwaka 2018, iliitangaza kwa takriban dola 12,000. Niliwahi kuazima 600 ya aina hiyo kwa safari ya Ndutu, nikijiona nimefika. Siku ya pili simba jike alikuja kujilaza kwenye kivuli cha gari letu. Lenzi ile haishiki fokasi, yaani haiwezi kuona kwa ukali, chini ya mita 4.5, naye alikuwa mita 2 kutoka kwenye mlango. Injini ya fokasi ya lenzi ilikwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta, huku mimi nikiutazama ukungu wa rangi ya mchanga. Mgeni wangu alimpiga picha kwa simu, na picha yake ndiyo iliyokwenda ukutani.

Kwa kazi za hifadhini, basi, ninaegemea upande wa lenzi za kuvuta. Sony 200-600 ya mwaka 2019 ina uzito wa kilo 2.1 na haiongezeki urefu unapovuta, jambo linalosaidia uzito usiyumbe mkononi na vumbi lisipate pa kuingilia. Nikon Z 180-600 ya mwaka 2023 imefuata njia hiyo hiyo. Canon RF 100-500 ya mwaka 2020 hurefuka unapoivuta na tundu lake hushuka mpaka f/7.1 mwishoni, lakini bila mguu wake wa stendi haifiki hata kilo 1.4, na kuanzia 100 kunakupa tembo mzima anapopita karibu.

Hatua ya nne: ibebe kabla ya kuinunua

Nitapita haraka hapa. Ndege nyingi ndogo ziendazo Serengeti huruhusu kilo 15 za mizigo kwa abiria, na lenzi ya kilo 3 pamoja na kamera mbili, chaja na stendi zitakuachia nafasi ya shati moja. Uwanjani tumia stendi ya mguu mmoja. Garini stendi za miguu hazina pa kukaa. Shona mfuko wa turubai, usafiri nao ukiwa mtupu, ujaze maharage ukifika, uuweke kwenye ukingo wa dirisha au paa. Dereva azime injini kabla hujapiga.

Hatua ya tano: kagua lenzi iliyotumika

Wengi wetu hatununui mpya, kwa hiyo hatua hii isomwe kwa utulivu. Nilinunua 100-400 iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, usiku, chini ya taa za duka; kioo kiling'aa, bei ikanifurahisha. Nyumbani nilipoimulika kwa tochi kutoka nyuma niliona nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui kwenye pembe ya kioo cha ndani. Ni kuvu, na ukanda wa pwani kwa unyevu wake ni shamba lake. Kuvu iliyokomaa hula ngozi nyembamba inayopakwa juu ya kioo, na fundi akiisafisha alama hubaki.

Kwa hiyo nenda mchana ukiwa na tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa kuiinamisha lenzi pole pole, kwa sababu kuvu haionekani ukitazama moja kwa moja. Vuta na urudishe pete ya kuvutia: ikikwaruza, mchanga umeingia. Funga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, ushike fokasi ya kitu cha karibu kisha cha mbali, mara ishirini mfululizo, ukisikiliza injini. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, upige picha kwa tundu lililo wazi kabisa, kisha ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikififia kuliko nyingine, huenda lenzi hiyo imewahi kuanguka, hata muuzaji aape vipi. Ukishainunua, iweke kwenye boksi la plastiki linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi, ambao hutunza unyevu.

Maswali ya wanachama

Swali (Mwanza): Mwalimu, shikamoo. Nina 70-200 ya f/2.8 na hupiga mechi za Kirumba. Je, nikinunua telekonveta (kile kipande kinachofungwa kati ya lenzi na kamera) ya mara mbili sitakuwa nimepata 400 kwa bei ya chini?

Jibu: Marahaba. Utapata 140-400, lakini tundu litakuwa f/5.6, kwa sababu telekonveta ya mara mbili hula hatua mbili za mwanga, yaani mwanga hupungua mara nne, na ukali wa picha hupungua pia. Ya mara 1.4 hula hatua moja: utapata 98-280 ya f/4, na fokasi haitapoteza kasi sana. Kwa mechi za saa kumi jioni ningechukua hiyo ya 1.4. Kwa mechi za usiku ningeacha zote mbili mfukoni na kukata picha baadaye kwenye kompyuta.

Swali (Karatu): Kaka, mimi ni dereva mwongoza watalii. Picha napiga kwa kuiba dakika, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Nina Canon ya sensa ndogo.

Jibu: Chukua 100-400, hata ya zamani iliyo salama. Kwenye sensa yako itaona kama 160-640, na hiyo inatosha kwa karibu kila kitu utakachokutana nacho ndani ya kreta ya Ngorongoro. Usichukue lenzi ya kilo 3. Utaiweka kiti cha nyuma, na ukishaiweka nyuma haitapiga picha. Na gari likiwa linatembea, kamera na ikae chini.

Swali (Mombasa): Mwalimu, kuna Nikon 80-200 ya f/2.8 ya zamani inauzwa kwa bei ya kutupa. Kamera yangu ni Nikon Z, zile mpya zisizo na kioo ndani. Nikiweka adapta itafanya kazi?

Jibu: Dada, itafunga na itapiga, ila haitashika fokasi yenyewe. Matoleo mengi ya lenzi hiyo, yale ya AF-D, hayana injini ndani. Yalitegemea injini iliyokuwa kwenye kamera za zamani, na adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina injini hiyo. Kuna toleo la AF-S lenye injini yake, nalo linakubali. Soma herufi zilizo kwenye mwili wa lenzi kabla hujatoa fedha. Wenzetu wa Canon hapa wana nafuu, kwa sababu adapta yao ya kufunga lenzi za zamani za EF kwenye kamera mpya za RF huendesha fokasi ya lenzi zote za EF na haipunguzi mwanga.

Swali (Arusha): Vipi kuhusu Canon RF 800 ya f/11? Ni nyepesi na bei yake inafikika. Nataka kupiga heroe (flamingo) wa maziwa ya Momella.

Jibu: Ni kilo 1.26 tu, na ilipotoka mwaka 2020 ilitangazwa kwa takriban dola 900, bei ya chini sana kwa 800 inayoshika fokasi yenyewe. Tundu lake ni f/11 daima, halifunguki wala halifungi, na fokasi hufanya kazi kwenye eneo la katikati ya picha tu. Jua likiwa wazi utapata 1/1600 kwa ISO 800 bila shida. Mawingu ya Meru yakishuka, ISO itapanda haraka. Heroe wakiwa mita 150 kutoka ufukweni, utaona eneo la karibu mita 6.8, yaani kundi dogo. Hesabu inakubali. Ila uwe ufukweni mapema, jua likiwa limeshatoka na maji bado yana baridi, kwa sababu ikifika saa nne na nusu hewa juu ya ziwa itakuwa imeanza kucheza.